Mzee Aliyekaa Dzaleka

Mama mkwe wangu alipata chumba kizuri kuliko vyote kambini kwa kuzimia mlangoni pake.

Tulifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukitokea Bukavu kwa njia ndefu. Sitaisimulia, kwa sababu kila mtu kambini ana njia yake ndefu na hakuna anayetaka kusikia ya mwenzake. Wengine waliofika nasi walionyeshwa kiwanja wafyatue matofali ya udongo wajijengee. Sisi, kwa kuwa tulikuwa na mgonjwa, tukapelekwa kupumzika siku chache kwenye nyumba za zamani nyuma ya ukuta wa lile lililokuwa gereza. Zilikuwa nyumba za matofali ya kuchoma, zimezunguka kiwanja kidogo chenye mwembe mmoja wa kivuli na bomba la maji lisilotoa maji. Mama mkwe akachungulia chumba cha mwisho. Akaona sakafu ya saruji, dirisha lenye nondo, dari ya mbao. Akashika kichwa, akaanguka polepole, kwa heshima, na mwili akauelekeza ndani, si nje.

Mume wangu akaita maji. Mimi nilikuwa nimeishi na yule mama miaka ya kutosha kujua kwamba mtu anayezimia kweli hashikilii kikwembe chake, yaani kitenge, kisifunuke.

"Musimuguse," mume wangu aliwaambia waliotaka kumwinua. "Mama iko na ugonjwa ya moyo."

Aliamka asubuhi ya pili yake, akauliza ni nani anamletea chai. Hakutoka tena mle kwa miaka kumi na kitu.

Wamalawi wanasema jina lenyewe Dzaleka ni onyo: ukipelekwa pale, utaacha. Utaacha nini, inategemea. Waliofungwa pale enzi za rais wa kwanza walitakiwa waache siasa. Sisi tuliacha vitu vingine. Mimi niliacha viatu vya kisigino kirefu kwa sababu ya vumbi na mawe. Mume wangu aliacha kuanza sentensi na "tukirudi". Mama mkwe peke yake ndiye hakuacha kitu. Alivaa kikwembe chake cha Jumapili hata siku ya Jumanne, alikunywa chai kwa kikombe chenye kisahani, na nsima, ugali wa Wamalawi, aliila miaka yote ile huku akisema kwamba bado hajaamua kama ni chakula.

Nyumba tuligawana na familia ya Warundi kutoka Makamba, watu wapole walioamka kabla ya jogoo kwenda kulima mashamba ya wenyeji. Mume wangu alifungua kibanda cha sabuni na biskuti Lilongwe, huko Area 36, akawa anarudi kwetu mwisho wa juma. Mimi nilishona nguo za kwaya. Mama mkwe alikaa chumbani mwake akipokea wageni. Katika boriti ya chumba kile palikuwa na ndoano ya chuma, nene kama kidole gumba. Hapo alitundika mfuko wa nguo zake za misa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mpaka alipokuja mratibu.

Alikuwa kijana wa Bukavu kama sisi, aliyesoma historia chuo kikuu hadi vita vikamkatiza. Alifunga skafu shingoni hata mwezi wa kumi, wakati mbwa wanatafuta kivuli cha mabati. Lakini hakuwa mjinga, na hakuwa mvivu. Kambi ilikuwa imejaa wapiga ngoma, waimbaji, wachoraji na vijana wa maigizo, na wote walifanyia mazoezi barabarani, wakigombana na wenye mbuzi. Yeye alizunguka miezi mingi katika ofisi za Lilongwe akiomba pahali, na mwishowe akapata wafadhili waliokubali kuzikarabati zile nyumba za matofali ziwe kituo cha utamaduni. Kila familia iliyokuwa mle ingejengewa nyumba mpya ya udongo yenye bati.

Warundi walihama siku ileile nyumba yao ilipoezekwa. Mume wangu na mimi tukafuata wiki ya pili, na niseme ukweli, nilihama nikiimba, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa na mlango wangu mwenyewe. Mratibu akaenda kwa mama mkwe akiwa na kilo ya sukari na maneno matamu.

"Mama," alimwambia, "hizi nyumba ni patirimwane. Ni urithi. Ziko na historia."

"Najua," mama mkwe akamjibu. "Mi njo historia. We ulikuya lini?"

"Tutakupatia nyumba mupya, karibu na batoto bako."

"Mutu anatoka mu patirimwane anaenda mu udongo?"

"Mama, tunaomba tu."

"Mi nilitoka Bukavu. Nikatoka Uvira. Nikatoka Kigoma. Bote balikuwa banaomba tu." Akapokea sukari, akaiweka chini ya kitanda. "Sasa mi sitoki."

Mume wangu alipokuja Jumamosi, mratibu alimfuata amsaidie kumshawishi mama yake. Mume wangu aliingia mle kama simba, akatoka baada ya muda mfupi amebeba nguo za mama yake za kufuliwa.

Basi nyumba ikakarabatiwa yeye akiwa ndani. Mafundi walibandua plasta iliyooza, wakapiga chokaa, wakabadilisha mabati, wakang'oa dari kwa sababu mchwa walikuwa wameimaliza. Walipopaka ukuta mmoja, yeye alisogeza kitanda kwenye mwingine. Walipofika huo mwingine, alirudi. Siku moja walimpaka chokaa yeye na kikwembe chake, na fundi akaomba msamaha hadi jioni. Boriti zilibaki, na ndoano ikabaki.

Wageni wa kwanza walipoletwa kutazama, mratibu aliwaonyesha chumba cha picha, akawaonyesha chumba cha ngoma, kisha akapita haraka mbele ya mlango wa tatu akisema ni stoo. Mama mmoja wa Kizungu, aliyekuwa mkubwa wa wafadhili, alikuwa nyuma. Alisukuma mlango. Ndani mama mkwe alikuwa anachambua maharage.

"Na hapa?" yule mama aliuliza.

Mratibu alifikiri kidogo. "Hapa," akasema, "ni maisha ya kila siku."

Kuanzia siku ile kikawa chumba rasmi. Kituo kilikuwa na chumba cha picha, chumba cha ngoma, na chumba cha maisha ya kila siku, na maisha ya kila siku yalikuwa mama mkwe wangu. Nilidhani atakasirika. Badala yake aliniomba nimshonee blauzi mpya. Asubuhi ya wageni alijipaka mafuta, akakaa kwenye kiti akiwa amenyoosha mgongo, mikono juu ya magoti. Akawa anauliza, "Leo bageni banakuya?" kama mtu anayeuliza kuhusu mvua. Wageni walimwuliza anafanya nini, naye akajibu, "Nangoya chai." Mratibu akawatafsiria kwa Kiingereza kwamba anaikumbuka nchi yake. Mimi Kiingereza changu ni cha kuomba njia, lakini nilielewa vya kutosha kujua kwamba chai haikutajwa.

Na ile ndoano je? Wageni waliinua macho, wakaiona. Mtu akauliza. Mratibu hakusema uongo hata mara moja, namtetea kwa hilo. Alishusha sauti tu. Alishusha sauti, akatazama chini, akasema kwamba mahali hapa palikuwa gereza, na kuna mambo ambayo ni magumu kuyasema. Wageni wakajaza wenyewe. Wengine walitoka nje wakifuta macho. Mmoja aliomba mfuko wa nguo za misa uondolewe ili apige picha ya ndoano peke yake.

"Ni ya nini kweli?" nilimwuliza mratibu siku moja.

"Sijui, dada. Lakini ndoano ndani ya gereza, unafikiri ni ya nini?"

Mama mkwe alikuwa na jibu. "Iko ya kutundika mufuko," alisema, na hakuna aliyemwandika.

Ikakaribia siku ya uzinduzi rasmi. Ofisa angetoka wilayani Dowa, chifu wa pale angekuja, wafadhili wangetoka Lilongwe. Mratibu alitaka jambo moja zaidi: alitaka mtu aliyewahi kufungwa pale, asimame katika nyumba ile, aseme. Wazo lilikuwa zuri. Aliyempata mtu huyo ni mume wangu. Alikuwa na kawaida ya kununua nguo za mitumba Biwi, mtaa wa hukohuko Lilongwe, ili akauze Area 36, na huko Biwi kinyozi mmoja alimwambia kwamba yule mzee wa nyumba ya kona, anayekuja kunyolewa kila wiki hata akiwa hana nywele, alikaa Dzaleka zamani, miaka mingi.

Mume wangu akamwambia mratibu: kuna mzee Biwi, alikaa Dzaleka miaka mingi.

Mratibu akamwambia mama wa wafadhili: tumempata.

Kwa Kiswahili mtu anakaa nyumbani na mtu anakaa jela, neno ni lilelile. Kwa Chichewa, lugha ya wenyeji, pia wanalo neno la namna hiyo. Hakuna aliyedanganya. Kinyozi alisema kweli, mume wangu alisema kweli, mzee alipoulizwa kama angependa kurudi kupaona alisema ndiyo, angependa sana. Walimpelekea gari.

Siku yenyewe palikuwa na turubai, viti vya plastiki vya kanisa, na ngoma za Warundi zilizotikisa mpaka soda mezani. Gari likafika. Akashuka mzee mrefu, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Akasimama. Akaitazama ile nyumba ya mwisho, machozi yakaanza kumtoka, bila sauti, yakishuka kwenye mikunjo ya uso. Ngoma zikanyamaza zenyewe. Kina mama wa kwaya wakaanza kulia kwa sababu yeye analia. Mama wa wafadhili akamshika mkono, akamkalisha kiti cha mbele, katikati yake na ofisa wa wilaya. Nami nikafuta macho, sikatai.

Mratibu alinipa kazi ya kutafsiri. Yeye Chichewa hakukijua zaidi ya "zikomo", yaani asante, na mimi nilijifunza sokoni, kwa kugombana na wauza maharage. Mpango ulikuwa hivi: mzee aseme Chichewa, mimi nitoe Kiswahili kwa watu wetu, mratibu achukue Kiswahili changu akitoe Kiingereza kwa wafadhili. Ofisa na chifu hawakuhitaji mtu, lugha ni yao.

"Tumuulize kwanza alikaa hapa kwa muda gani," mratibu alianza.

Nikauliza. Mzee akasimama, akageuza kofia mikononi.

"Nilikuja kijana, sijaoa," alisema. "Nikaondoka na watoto wanne."

Nikatafsiri. Maneno yalikuwa yameshatoka mdomoni mwangu yote ndipo nikayasikia. Watu walipiga makofi kwanza, wakafikiri baadaye. Chifu aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Ofisa wa wilaya aliinama kutazama viatu vyake, na hakuinua uso tena kwa muda mrefu.

Mratibu alinisogelea. "Amesema nini?"

"Batoto bane."

"Lakini wafungwa hawakuruhusiwa..."

"Kaka," nilimnong'oneza, "huyu hakuwa mufungwa."

Niliona jasho likitokea juu ya skafu. Mama wa wafadhili alikuwa amemgeukia, anasubiri Kiingereza chake, kalamu iko mkononi. Nilijua anachoweza kufanya. Angeweza kusema mzee analikumbuka giza, au watoto wake wanne walimngoja nje, na kule mbele ni watu wawili tu wangejua, mmoja anatazama viatu, mwingine anakohoa. Nilimwona akilipima hilo. Kisha akavua skafu, akaiweka mfukoni.

"Muulize alifanya kazi gani hapa," akaniambia. "Na utafsiri yote."

Nikauliza. Mzee akashangaa kidogo kwamba hatujui.

"Askari wa gereza," akasema. Akanyoosha mkono wa kulia, akauzungusha kidogo hewani, kama mtu anayegeuza ufunguo. "Hii ilikuwa nyumba yangu. Serikali ilinipa nilipooa."

Nilitafsiri. Mratibu akatafsiri. Upepo ukapiga turubai. Kisha mwanaume mmoja wa kwetu, aliyekuwa amefungwa Kongo na alikuwa na alama zake, akasimama nyuma.

"Kwa hiyo we njo ulikuwa unafungia bantu?"

Mzee hakuelewa maneno, lakini sauti aliielewa. Akaniuliza amesema nini. Nikamwambia.

"Ndiyo," alijibu. Hakutazama chini. "Asubuhi nilifungua, jioni nilifunga. Mmoja wao alikuwa mwalimu wangu wa shule ya msingi. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Kila jioni nilipomfungia aliniambia zikomo."

Nilipolifikia neno "zikomo" sikulitafsiri. Halikuhitaji. Yule mwanaume alibaki amesimama kidogo, akatema mate pembeni, akatoka kwenye turubai akaenda zake, na watu wengine wachache wakamfuata. Kina mama wa kwaya waliokuwa wamelia walikuwa wanakaza nyuso sasa, kama watu waliouziwa kitu kibovu wakataka machozi yao yarudishwe.

Wakati huohuo mlango wa tatu ukafunguka. Mama mkwe alikuwa amekaa ndani tangu asubuhi kwenye blauzi yake mpya, akisubiri ziara ifike kwake, na sasa uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Huyu muzee anasema nyumba iko ya nani?" aliuliza.

"Anasema ilikuwa yake, mama," nikamjibu.

"Akuye atuonyeshe."

Tukaingia chumbani, mzee, mama mkwe, mimi, mratibu, mama wa wafadhili, na wengine wakijazana mlangoni. Mzee alishika ukuta. Aliniambia kitanda chao kilikuwa upande ule, si huu. Mama mkwe akasema upande ule mvua inaingia. Mzee akasema wakati wake haikuingia. Mama mkwe akasema basi nyumba ilimngoja yeye aondoke ndipo ianze kuvuja, na tangu hapo aliyekinga maji kwa sufuria ni nani? Mimi nilikuwa natafsiri kwenda na kurudi, na hakuna hata mmoja aliyenisubiri nimalize.

"Mutoto wangu wa kwanza alizaliwa hapa," nilitafsiri.

"Mi bajukuu bangu batatu," mama mkwe akajibu, na hilo lilikuwa kweli, nilikuwepo.

Mama wa wafadhili aligusa mkono wa mratibu, akamwuliza jambo kwa sauti ndogo. Mratibu akainua macho kwenye boriti. Niliona hataki kuuliza, na niliona ataniambia niulize.

"Ile ndoano," alisema.

Mzee aliitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Ipo bado. Niliipigilia mwenyewe. Mke wangu alitundika hapo kapu la mbegu za mahindi. Panya wa hapa walikuwa wabaya sana."

"Bangali babaya," mama mkwe alisema, hata kabla sijamaliza. Kisha akamgeukia mratibu. "Mi nilikuambia."

Mama wa wafadhili alikuwa ameinua kamera. Akaishusha. Baada ya muda akauliza kama mzee angekubali kutupeleka upande wa pili wa ukuta, kule wafungwa walikokuwa, atueleze.

"Huko siendi," mzee alisema.

"Kwa nini?"

"Zamani nilikuwa naenda kwa sababu nilitumwa. Leo hakuna aliyenituma."

Basi tukatoka. Ofisa wa wilaya alisoma hotuba iliyoandikwa kabla, ikimshukuru ndugu yetu aliyeteseka hapa. Alipofika sentensi hiyo akaisoma haraka sana. Utepe ukakatwa. Watu wakala. Wengi walimkwepa mzee na sahani zao, na kiti chake cha mbele kikabaki peke yake chini ya turubai. Mama mkwe ndiye aliyemwita. Alimpa kiti chake cha chumbani, yeye akakaa kitandani, nikawaletea nsima na maharage, nikabaki hapo kwa sababu bila mimi wasingeweza hata kugombana.

"Muulize, bafungwa balikuwa banalala wapi," mama mkwe aliniambia.

Mzee alionyesha kwa kidevu, ukuta wa nyuma.

"Karibu vile?"

"Ukilala hapa," mzee alisema, "ulisikia wakikohoa."

Mama mkwe aliutazama ukuta. Kichwa cha kitanda chake kilikuwa kimeuegemea miaka yote ile. "Na we ulilala?"

"Nililala. Nilikuwa kijana, nikichoka nalala." Akakata tonge, hakulila. "Sasa ndiyo silali."

Nilimtafsiria. Nilitegemea atasema kitu, maana sijawahi kumwona yule mama akikosa la kusema, hata mbele ya padri. Aliendelea kuutazama ukuta mpaka nikaanza kuogopa kwamba safari hii moyo unauma kweli.

"Muambie akule," alisema mwishowe. "Nsima inapoa."

Baada ya hapo maneno yalikuwa mengi. Kuna waliosema mratibu aliwauza wote waliowahi kufungwa duniani kwa sababu ya sherehe. Wapiga ngoma walikataa kufanya mazoezi pale kwa muda, si kwa ajili ya mzee hasa, bali kwa sababu walikuwa na ugomvi wao na kwaya kuhusu nani anakaa na ufunguo wa chumba cha ngoma, na hii ikawa nafasi nzuri. Yule mwanaume aliyetoka kwenye turubai hakuingia kituoni tena. Nilikutana naye njiani mara nyingi, tukisalimiana vizuri, na sikuwahi kumwambia kwamba amekosea, kwa sababu sikuona kama amekosea. Wafadhili, ambao tuliwaogopa kuliko wote, hawakukasirika hata kidogo. Walisema imekuwa ya kuvutia sana.

Mratibu aliacha kushusha sauti. Wageni wakiuliza ndoano, alijibu: mbegu za mahindi, panya. Wengi walisikitika kusikia hivyo. Kama kuna aliyebaki akisikiliza, alimwonyesha ukuta wa nyuma na kumwambia kuhusu kukohoa, na hapo hakuhitaji kushusha chochote. Skafu aliirudisha, lakini siku za baridi tu.

Mzee sikumwona tena. Mume wangu alimpelekea salamu zetu pale kwa kinyozi, na mara moja mzee alituma mbegu za maboga kwa mama mkwe, zimefungwa kwenye kitambaa. Baadaye kinyozi akasema ameenda kukaa na binti yake Kasungu. Kukaa kwa namna ya kawaida.

Na mama mkwe, ambaye kambi nzima ilishindwa kumtoa, alitoka mwenyewe. Wakati wa joto ulipokuja, ile nyumba isiyo na dari, bati jipya limeng'aa juu, ikawa jiko. Mchana hamkukalika mle. Juu ya hayo wapiga ngoma walirudi, na safari hii kwa hasira ya kufidia. Asubuhi moja nilisikia kengele ya baiskeli mlangoni kwangu. Alikuwa dereva wa kabaza, baiskeli ya kukodi, kiti cha mama mkwe amekifunga nyuma ya baiskeli, godoro juu ya kiti, na nyuma yake mama mkwe mwenyewe anatembea taratibu, kikombe na kisahani mkononi.

"Muka mwana wangu," aliniambia, "udongo iko na baridi?"

"Iko, mama."

"Basi. Patirimwane inachoma."

Nilimpa chumba cha mbele. Siku ya tatu alikuwa ameshahamisha meza yangu, na nikakumbuka ule mlango wangu mwenyewe niliouimbia, lakini hilo ni jambo la mimi na mume wangu.

Mratibu alibaki na chumba cha maisha ya kila siku kisicho na maisha. Akaniomba nikichukue, nifundishe kina mama kushona. Tuliingiza cherehani, tukafundisha wiki moja, na wiki ya pili tulikuwa tumezitoa zote nje, chini ya upenu, kwa sababu hakuna sanaa inayoweza kufanyika ndani ya tanuri. Mratibu alikuja akasema, kwa adabu sana, kwamba kiwanja kinatakiwa kiwe wazi ili wageni waone vizuri umbo la nyumba. Mama mmoja wa Kirundi, yule wa Makamba tuliyeishi naye zamani, alimtazama bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Wapitishe nyuma," alimwambia.

Naye akawapitisha nyuma.